Datius na Mukago wa Kijerumani

Kaka yangu Datius alipenda Kiingereza kuliko alivyopenda ndizi, na kwa mtu wa Kashozi hilo si jambo dogo. Alikipata seminari ndogo kabla mapadri hawajamrudisha nyumbani kwa ubishi, akakifundisha shuleni miaka yote aliyokuwa na nguvu, na hata alipostaafu aliendelea kumfundisha kila aliyepita njiani. Mbuzi wetu walifukuzwa shambani kwa Kiingereza. Mke wake, marehemu Kokushubila, aliwahi kumlalamikia paroko kwamba ameolewa na redio. Paroko akashindwa kumfariji, maana naye siku hiyo alikuwa amekuja kuazima gazeti la Kiingereza.

Mimi ni Ephrasia, mdogo wake. Nilirudi kwetu baada ya mume wangu wa Izimbya kuoa mwanamke mwembamba, nikakuta Datius yuko vilevile nilivyomwacha, ila sauti imekuwa nzito. Nilimpenda, na alinichosha. Nasema yote mawili kwa sababu watu wa mjini wanaomsimulia siku hizi wanasema la kwanza tu.

Vita vya Amin vilipofika na ndege zikaanza kupiga mabomu Bukoba, tulikimbilia Muleba. Watu walibeba magodoro, sufuria na kuku. Datius alibeba kamusi na redio. Kokushubila alipomuuliza sufuria ziko wapi, alijibu kwamba sufuria zinapatikana popote. Hazikupatikana. Tulipokelewa na mchuuzi wa samaki aliyeitwa Masalu, Msukuma wa visiwani aliyekuwa na banda la mabati ufukweni, na kila jioni wakimbizi walikusanyika bandani kwake ili Datius awatafsirie habari za redio ya Waingereza. Mtangazaji akisema maneno mawili, Datius alitafsiri hadi chai ikapoa. Kwa mdomo wake majeshi yetu yaliingia Kampala wiki nyingi kabla hayajaingia kwa miguu. Masalu alifurahi sana na habari hizo, na tulikula sato wake bure mpaka tukarudi nyumbani.

Baada ya vita ilikuja biashara ya magendo, na nyuma ya magendo ukaja ugonjwa. Mwanzoni tuliuita Juliana, jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara wa mpakani, kwa kuwa waliozivaa ndio walioanza kukonda. Sitaandika mengi hapa. Wana wawili wa Datius walikwenda, mmoja baada ya mwingine, wake zao wakawafuata, na Kokushubila akafa kwa uchungu ingawa hospitali walisema ni moyo. Tukabaki wazee wawili na wajukuu watatu: Petronila, Rozi na mdogo wao Mutembei. Ilikuwa miaka mibaya, na mpaka leo nikiipita kwa mawazo naipita haraka.

Hofu ya Datius ilikuwa moja, na hakuificha: akifa yeye, watoto watabaki na nani? Mimi nipo, lakini kwa mila yetu dada hana kauli katika kikao cha ukoo kinapojadiliwa kibanja, yaani shamba la migomba na nyumba iliyomo. Kauli ingekuwa ya Privatus, mtoto wa baba yetu mdogo, mtu mwenye tumbo kubwa na huruma ndogo. Privatus angekigawa kibanja kabla matanga hayajaisha. Petronila angepelekwa kuwa yaya mjini, Rozi kwa ndugu asiyemtaka, Mutembei visiwani kuanika dagaa. Hatukuwa tunaota, kwani jirani wa juu na jirani wa chini yalishawakuta hayo.

Zamani mzee mwenye hofu kama hiyo angetafuta ndugu wa mukago. Mukago ni undugu wa kuchanjiana. Mnachukua tunda moja la kahawa, ambalo ndani yake punje mbili hulala nyumba moja, kila mmoja anachanjwa karibu na kitovu, punje inapakwa damu, na wewe unameza yenye damu ya mwenzako naye anameza yenye damu yako. Tangu hapo watoto wako ni wake, na njaa yako ni yake. Ndugu wa mukago akisema neno kwenye kikao cha ukoo, hata akina Privatus hunyamaza, maana anayevunja mukago huvimba tumbo akafa. Lakini miaka ile nani angekubali kuchanjwa? Watu waliogopa hata wembe wa kinyozi. Datius alisema mukago nao umekufa kwa Juliana, ukazikwa bila ngoma.

Ndipo wakaja Wajerumani wa matangi ya maji. Nasema Wajerumani, lakini aliyebaki alikuwa mmoja, mhandisi Eberhard Lohmann, mjane mrefu na mkavu aliyepanga nyumba Kitendaguro na kuifanya ofisi. Alitaka mkalimani mwenye Kiingereza kizuri, asiyezidi miaka hamsini na mitano kwa sababu kazi ilikuwa ya kupanda ngazi. Datius alikuwa amepita sitini. Alinunua kanta, ile dawa nyeusi ya kupaka mvi, nikampaka mwenyewe nyuma ya nyumba, na kesho yake akaenda Kitendaguro akasema ana miaka hamsini na miwili. Kanta ilimtiririka hadi kwenye kola, lakini Lohmann alidhani ni jasho la mtu mwenye bidii. Akaajiriwa.

Shida ilikuwa kwamba Lohmann mwenyewe alijua Kiingereza cha kununulia tiketi tu, na hakukipenda. Walikwenda Izimbya kujenga tangi la shule. Datius akaona mahali palipochaguliwa ni pale ambapo kila masika hugeuka bwawa. Akamwambia kwa Kiingereza chake bora, kile cha kuzunguka, kwamba alikuwa akijiuliza kama pengine lisingekuwa wazo baya sana kufikiria uwezekano wa kutazama sehemu nyingine. Lohmann alisubiri sentensi iishe, akasema ndiyo, akaendelea kuchimba. Masika ilipokuja, tangi lililala ubavu kama ng'ombe mgonjwa. Lohmann aliuliza kwa nini hakuambiwa. Datius akasema alimwambia. Lohmann akajibu kwamba ni kweli, aliambiwa kitu kirefu.

Kaka yangu hakulala vizuri kwa aibu hiyo. Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa Sista Ludmila, mtawa wa Kijerumani aliyekuja Buhaya akiwa msichana na sasa, baada ya maisha yake yote zahanati, alikuwa akitembea kwa fimbo mbili kwenye baraza la nyumba ya watawa hapo Kashozi. Akamwomba amfundishe Kijerumani. Maneno hayakumsumbua, kwani kichwa chake kilikuwa ghala. Kilichomsumbua ni adabu zake. Sista alimwambia kwamba Mjerumani akitaka mkate husema nipe mkate, wakati Mwingereza husimulia kwanza maisha yake. Alimwambia ampe mtu mkono asubuhi anapoingia na jioni anapotoka, amtazame machoni, na jambo likiwa haliwezekani aseme haliwezekani, kisha anyamaze. Datius aliweza yote isipokuwa kunyamaza.

Kuna jambo alilolikosea kwa muda mrefu. Kwa Mwingereza, ukikaribishwa chai ukasema asante, chai inakuja. Kwa Mjerumani ukisema danke, ambayo ndiyo asante yao, bila kutanguliza ndiyo, basi umekataa, na sahani inarudi jikoni. Datius, kwa adabu zake za Kiingereza na kwa aibu yetu ya Kihaya ya kutoonekana mroho, alikuwa akisema danke kwa sauti ya upole kila siku saa nne, na kila siku keki ilipita mbele ya pua yake. Alistidia, mpishi wa Lohmann, aliniuliza sokoni kama kaka yangu ana nadhiri. Nyumbani alikuwa akirudi na njaa ya mtu aliyelima, akisema Wajerumani ni wachoyo wa ajabu, wanakuonyesha chakula kisha wanakiondoa. Sista Ludmila alipojua alicheka hadi fimbo moja ikaanguka. Siku iliyofuata Datius alisema ndiyo, tena kwa sauti ya gwaride, na akala vipande vinne.

Kisha likaja somo la du, na hapo ndipo maisha yake yalipogeuka. Kwenye Kiingereza, Datius alikuwa akitufundisha kila mara, kuna neno moja la kumwita mwenzako, na ni hilohilo kwa askofu na kwa mbwa. Aliona huo ndio ustaarabu. Sista akamwambia kwamba Wajerumani wana mawili. Sie ni la watu wote wa heshima na wa mbali. Du ni la mama yako, mtoto wako, Mungu na rafiki wa kweli. Wawili wanaweza kufanya kazi chumba kimoja miaka ishirini wakiitana Sie. Mtu halichukui du mwenyewe. Anayelitoa ni mkubwa kumpa mdogo. Mdogo akianza ni utovu wa adabu. Na wazee wa Ujerumani walipolitoa walifanya hivi: kila mmoja anashika glasi, mikono inapitishwa mmoja ndani ya mwingine kwenye viwiko, mnakunywa hivyo mkiwa mmefungamana, kisha kila mmoja anataja jina lake alilobatizwa. Wanaita kunywa undugu. Likishatolewa halirudishwi, hata mkigombana.

Datius alirudi mbio, baiskeli akaitupa kwenye migomba, akanikuta namenya ndizi.

"Ephrasia," aliniambia, "wana mukago. Wajerumani wana mukago, na hauna damu."

Nilimwambia kwamba mimi nasikia habari ya watu wawili kunywa pombe vibaya. Hakunisikia. Kichwani mwake kila kitu kilikuwa kimeshapangwa: Lohmann ana miaka hamsini na minane, yeye kwa kanta ana hamsini na miwili, kwa hiyo Lohmann ndiye mkubwa na Lohmann ndiye atakayetoa. Akishatoa, ni ndugu. Akiwa ndugu, watoto wana mtu. Kilichobaki ni kungoja. Sista alimwonya waziwazi kwamba kwa Wajerumani du ni heshima na urafiki, halileti mtu kulea watoto wa mwenzake. Datius akamjibu kwamba hata mukago ukiutazama kwa nje ni kahawa tu.

Basi akangoja. Kila Ijumaa baada ya kazi alimpelekea Lohmann lubisi, pombe yetu ya ndizi, ile nzuri ninayoitengeneza mimi, wakakaa barazani Kitendaguro wakinywa. Datius alijaribu kumrahisishia mwenzake. Aliinua glasi, akakunja mkono, akausogeza karibu na wa Lohmann, akauacha hewani ukiwa umepinda kama mpini wa birika. Ijumaa ya kwanza Lohmann aliutazama mkono ule, akatazama pembeni. Ijumaa ya pili aliuliza kama kiwiko kinauma. Ijumaa ya tatu aliingia ndani akatoka na chupa ya dawa ya kuchua kutoka kwao, akamwelekeza namna ya kujipaka asubuhi na jioni. Datius aliileta nyumbani akaiweka mezani. Dawa yenyewe ilikuwa nzuri sana. Magoti yangu yalipata nafuu.

Tungeendelea kucheka kama Datius asingeugua. Ilikuwa homa ya mapafu, akalala kitandani akikohoa, na siku ya tatu Privatus alikuja kumwona. Hakuja na sukari wala maziwa. Alikaa kando ya kitanda, akauliza kwa upole kama ile milamula ya upande wa chini, mimea tunayopanda mpakani, imeng'olewa au ni macho yake, kisha akatoka akakizunguka kibanja chote taratibu, akisimama kila kona. Watoto walimfuata kwa mbali. Petronila alikuwa na akili ya kuelewa. Aliingia akaniuliza kama wakipelekwa kila mtu kwake watakuwa wanaonana wakati wa Krismasi. Nilimfokea aende akachote maji.

Datius alisikia. Alipopata nafuu, kitu cha kwanza alichofanya ni kujikokota hadi kwa Sista Ludmila, nami nikamshika mkono. Alimuuliza kwa nini Lohmann hatoi.

"Yule?" alisema Sista. "Nadhani hata mbwa wake humwita Sie. Ukimngoja huyo aanze, mtaanzia mbinguni."

Kisha akamtazama kichwani. Katika ugonjwa kanta haikupakwa, na mvi zilikuwa zimechipua chini ya weusi kama majani baada ya moto. Sista akamkumbusha kwamba mwaka alioingia seminari, yeye Sista alikuwa bado ananyoosha mashuka ya mapadri waliokufa kabla ya vita vya Hitla, kwa hiyo hiyo hamsini na miwili aiseme kwa watu wengine. Mkubwa ni Datius. Kutoa ni haki yake, alimradi awe mkubwa mbele ya Lohmann. Datius akauliza kama Mjerumani anasamehe. Sista alifikiri, akasema umri atausamehe, lakini kuhusu uongo yeye hajui.

Njiani kurudi tulipiga hesabu. Mshahara wa Kitendaguro ndio uliokuwa unawavisha watoto na kuwalipia shule, na sharti la umri lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Akiungama, angeweza kukosa kazi na undugu kwa mara moja. Asipoungama, angebaki mkalimani mwenye nywele nyeusi mpaka siku Privatus atakaporudi na watu wa kupanda milamula upya. Jumapili jioni aliniletea mkasi akakaa kwenye kigoda. Nilikata weusi wote. Kilichobaki kilikuwa cheupe kama unga wa muhogo, na nilipokitazama nikaona kweli kaka yangu amezeeka, nikaumia.

Yaliyotokea Kitendaguro nimeyapata kwa Datius na kwa Alistidia, aliyekuwa dirishani jikoni akijifanya anaosha kikombe. Lohmann alimtazama Datius, akampa mkono, akauliza nani amefariki, maana alijua Wahaya hunyoa kwenye msiba. Datius akasema hakuna aliyefariki. Akasema ana miaka sitini na mitatu, alidanganya ili apate kazi, na kwamba haiwezekani kuendelea hivyo. Akanyamaza, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Lohmann akauliza kuhusu ngazi ya Izimbya. Kisha ya Muleba. Kisha ile ndefu ya zahanati, iliyokuwa imefungwa kwa kamba. Aliitaja kila ngazi ambayo mzee wa miaka sitini na mitatu alikuwa ameipanda mbele ya macho yake, na kila aliyoitaja sauti ilipanda nayo, mpaka akatoka nje akapiga teke ndoo ya mwashi.

Aliporudi ndani, Datius alikuwa amesimama palepale.

"Bwana Lohmann," alisema, kwa Kijerumani na bila kuzunguka, "mimi ni mkubwa wako. Kwa hiyo nina haki ya kukuambia kwamba naitwa Datius."

Akanyoosha mkono. Lohmann hakuupokea. Alisema lazima afikiri, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Kwetu, mtu kukataa mkono wa mkubwa ni sawa na kuwatukana waliomzaa. Datius alisukuma baiskeli mlima wote hadi nyumbani. Wiki ile hakwenda kazini wala hakuitwa. Hakula, hakufungua redio, na mbuzi waliingia shambani wakala mihogo bila kuambiwa neno kwa lugha yoyote. Nilimwambia Mjerumani wake ni mshenzi. Akasema Wajerumani hufikiri, Sista alimfundisha, na kwamba kufikiri si kukataa. Lakini sauti ilikuwa ya mtu anayejitafsiria habari mbaya.

Jumapili baada ya misa ya pili gari la mradi lilipanda hadi uani kwetu. Lohmann alishuka akiwa amevaa tai, na chupa imefungwa kwenye gazeti. Nilitandika mkeka, nikatoa na akamwani, kahawa ile ya kutafuna tunayomkaribishia mgeni. Lohmann alimwambia Datius kwamba tangu sasa hapandi ngazi, atasimama chini na kusema tu, kwa kuwa hilo analiweza. Kazi ilikuwepo. Kisha akafungua chupa, akamimina glasi mbili, akakunja mkono wake kwenye kiwiko, akangoja.

Datius hakuushika. Nilitaka kumpiga.

Alisema kwamba kabla hawajanywa kuna jambo lazima mwenzake alijue. Akachukua tunda moja la kahawa, akalipasua, akamwonyesha punje mbili, na akamweleza mukago wote. Nilimwamuru anitafsirie kila neno, na siku hiyo alitafsiri neno kwa neno bila chumvi, jambo ambalo lilinitisha. Lohmann aliposikia kuhusu damu aliweka glasi chini. Datius akasema damu wameiacha, siku hizi damu si ya kuchezea, lakini mengine yako palepale. Akawaita watoto. Wakasimama kwa mstari: Petronila, Rozi, Mutembei. Akasema: nikifa, hawa ni wako. Huulizi ni wa nani. Ukoo ukikaa, unakuja kutoka popote ulipo, na unasema. Kama huwezi, tunywe tu kama marafiki, nami sitakuchukia.

Lohmann alikuwa anatazama punje zile kiganjani mwa Datius.

"Na mimi nikifa?" aliuliza.

Datius alinitazama. Kifo chake mwenyewe alikuwa amekipanga kila kona, na haikuwahi kumpitia akilini kwamba Mjerumani naye hufa. Lohmann akaeleza, polepole, kwamba mke wake amezikwa katika mji wao, na kwamba huko kaburi hupangwa, kama chumba. Miaka ikiisha, ndugu wanalipia tena, au jiwe linaondolewa na mahali wanapewa wengine. Yeye hana mtoto. Akifa, watawekwa wote wawili kwa muda, kisha hakutakuwa na mtu wa kulipia.

Nilimwuliza Datius mara mbili kama ametafsiri sawasawa. Nilikuwa nimemwogopa yule mtu mwaka mzima kwa gari lake na tai yake, na kumbe hakuwa na mahali pa kulala. Nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu mwenye gari.

"Hapa hatupangi," alisema Datius. "Ndugu wa mukago hulala kibanjani, pamoja na sisi."

"Wapi?"

"Mahali popote."

"Popote si mahali," alisema Lohmann, akasimama. "Nionyeshe."

Basi tukatoka wote, watoto nyuma, glasi mkononi, tukaingia kwenye migomba. Datius alimpeleka pale alipolala Kokushubila na wana wake, akamwonyesha nafasi ya heshima kando yao. Lohmann aliikanyaga ardhi kwa kisigino, akachuchumaa, akatazama mteremko, akasema hapo hapafai, mvua ikinyesha maji yote ya shamba yatasimama juu yake. Datius akasema marehemu hawajalalamika. Wakabishana kwa Kijerumani, mbele ya makaburi, kuhusu mfereji. Lohmann akashuka akipima kwa hatua hadi chini kabisa, kwenye milamula ya mpaka, ile aliyoiulizia Privatus, akapiga kisigino tena, akaridhika. Udongo mkavu, mteremko mzuri. Datius aliona mahali penyewe, akaona mpaka, akaona ni nani sasa angethubutu kuuza upande huo, na uso wake ukafunguka taratibu.

Hapo ndipo wakapitisha mikono, wazee wawili wamenasana viwiko katikati ya migomba, wakanywa hadi chini. Kila mmoja akatafuna punje yake. Mmoja akasema Eberhard, mwingine akasema Datius, na Mutembei akacheka kwa sababu majina hayo sote tulikuwa tunayajua.

Lohmann aliinama akang'oa gugu lililoota mahali pake. Alilitazama, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika ni nani hupalilia upande huu. Nikamwambia ni watoto.

Aliwatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine.

"Basi hawa hawaendi popote," alimwambia Datius. "Nani atapalilia?"